Likizo ya Mvua za Kwanza: Michezo ya Watoto na Macho ya Wakubwa

Kiangazi kirefu kilichoanza mwezi Desemba kinapofikia ukingoni, ardhi ya Arua na Koboko hubadilika kwa muda mfupi. Mvua za kwanza hulowesha mashamba, majani huchipua, na miembe huinamisha matawi yake kwa uzito wa maembe. Muhula wa kwanza wa masomo nao humalizika mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na watoto hurejea nyumbani kwa wiki kadhaa. Hakuna majira mengine katika mwaka ambapo mtoto wa West Nile hupata mambo mengi ya kumfurahisha kwa wakati mmoja: mpira, maembe, kumbikumbi, mto uliojaa maji, na safari ya kwenda kwa bibi ng'ambo ya mpaka.

Sisi tulio katika utumishi wa polisi jamii hatuandiki makala haya ili kuwaomba wazazi wawafungie watoto ndani. Mchezo ni haki ya mtoto, na mtoto asiyecheza hakui vizuri kimwili wala kiakili. Tunalosisitiza ni jambo moja: hatari ya majira haya haitokani na mchezo wenyewe, bali hutokana na mchezo usiojulikana na mtu mzima yeyote. Kila burudani tutakayoitaja hapa inaweza kufanyika kwa usalama, iwapo wakubwa watajua mtoto yuko wapi, yuko na nani, na atarudi saa ngapi.

Mpira na radi

Arua ni mji unaopenda mpira. Tangu timu ya Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2016, vijana wengi hapa wamecheza wakiota siku ya kuvaa jezi yake. Viwanja vya shule na vya vijiji hujaa jioni, na hilo ni jambo jema. Lakini jioni ndiyo saa ambayo mawingu ya majira haya hupenda kukusanyika. Mwezi Agosti 2020, hapa Arua, watoto 10 walipoteza maisha kwa radi. Walikuwa wamecheza mpira, mvua ikaja, wakajikinga kibandani. Hatukumbushi msiba huo ili kuwatonesha waliofiwa, bali ili usijirudie.

Ni vizuri kila mtoto aelewe jinsi radi inavyokaribia. Mwanga wake hutufikia papo hapo, lakini ngurumo husafiri taratibu zaidi, takriban sekunde 3 kwa kila kilomita. Mtoto akiona mwanga na aanze kuhesabu. Ngurumo ikisikika kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na inaweza kupiga pale alipo hata kama mvua haijaanza kunyesha. Hapo mchezo usimamishwe mara moja, na usirejewe mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nasi twaongeza kwamba dalili ya radi ni ngurumo.

Je, wakimbilie wapi? Jengo la kudumu lenye kuta kamili, au gari lenye paa la chuma lililofungwa vioo. Kibanda cha nyasi, turubai, baraza iliyo wazi na kivuli cha mwembe si kinga. Mti mrefu huvuta radi, nayo huweza kumrukia aliyesimama chini yake. Mtu akipigwa, mguseni bila hofu, kwa kuwa mwili wake haubaki na umeme. Ikiwa hapumui, akandamizwe kifua kwa nguvu na kwa mfululizo huku wengine wakitafuta usafiri wa kumpeleka hospitali. Wapo waliookolewa kwa namna hiyo.

Tunawaomba walimu wa michezo na viongozi wa timu za vijiji wamteue mtu mzima mmoja kila jioni awe mwangalizi wa anga. Neno lake likitoka, mpira usimame, hata kama timu imebakiza dakika moja kushinda.

Maembe na kumbikumbi

Msimu wa maembe huwapeleka watoto juu ya miti. Matawi yaliyolowa huteleza, na mwembe mkubwa ni mrefu kuliko nyumba. Familia inaweza kuigeuza kazi hii kuwa shughuli ya pamoja: mkubwa ashike upondo, wadogo wadake kwa kikapu au kwa kitambaa kilichotandazwa, na mavuno yagawiwe kwa majirani. Maembe yaliyo kando ya barabara yana hatari nyingine. Barabara ya lami itokayo Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba hupita malori mazito yaendayo Kongo na Sudan Kusini. Mtoto asiachwe kuuza maembe ukingoni mwake, wala kumkimbilia dereva aliyepunguza mwendo.

Kumbikumbi, ambao Walugbara huwaita onya, hutoka baada ya mvua, na mara nyingi watu huwakusanya usiku au alfajiri kwa taa na mashimo. Ni chakula kitamu na ni elimu ya urithi. Lakini nyoka na vyura nao hutoka kula kumbikumbi hao hao. Watoto waende pamoja na mtu mzima, wavae viatu vinavyofunika mguu, wawe na tochi badala ya moto ulio wazi, na shimo lifukiwe kazi inapokwisha. Akiumwa na nyoka, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, wala sumu isifyonzwe kwa mdomo. Atulizwe, mguu au mkono ulioumwa usitikiswe, na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Mto ni rafiki wa msimu

Wakati wa kiangazi watoto huuzoea mto kama kiwanja cha nyumbani. Huvuka Enyau kwa miguu na kujua kila jiwe. Mvua zikianza, mto huo huo huwa mgeni kwao. Mvua ikinyesha vilimani, maji yanaweza kupanda ghafla mahali ambapo jua linawaka. Maji yakiwa ya rangi ya udongo na yamebeba matawi, hakuna wa kuyavuka wala kuyaoga, awe mtoto au mtu mzima. Mtoto akichukuliwa na maji, msimrukie. Wengi waliozama walikuwa wakijaribu kuokoa. Mrushieni kamba, fito ndefu au jerikani tupu iliyofungwa vizuri, huku mkipiga kelele za kuomba msaada.

Kuwatembelea ndugu ng'ambo

Mwaka 1914 West Nile ilipoingizwa Uganda, baada ya kuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kisha chini ya Sudan, mstari wa mpaka ulipita katikati ya koo. Walugbara wako Uganda na Kongo. Wakakwa wako katika nchi tatu, na nchi hizo zinakutana Salia Musala, katika wilaya ya Koboko. Kwa hiyo likizo ya mtoto wa hapa mara nyingi ni safari ya kwenda Aru, Ariwara, Kaya au Yei. Safari hizo hujenga undugu, nasi hatuzipingi. Tunaomba zifanywe kwa utaratibu.

Piteni vituo rasmi kama Vurra na Oraba, si njia za panya. Mtoto abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa, na akisafiri na shangazi, mjomba au jirani, mzazi aandike barua yenye jina la anayemsindikiza na anakokwenda, ipigwe muhuri na mwenyekiti wa kijiji. Mtoto akariri majina kamili ya wazazi wake, kijiji chake na namba moja ya simu. Kabla ya safari ulizeni pia hali ya usalama huko mnakokwenda.

Lipo jambo ambalo wengi hawalifikirii. Uganda magari hupita kushoto. Kongo na Sudan Kusini hupita kulia. Mtoto aliyezoea barabara za Arua hutazama kwanza upande wa kulia kabla ya kuvuka. Akifanya hivyo Aru au Kaya, gari lililo karibu zaidi litamjia kutoka kushoto. Mfundisheni kutazama pande zote mbili, mara mbili, popote alipo.

Likizo ni pia wakati ambapo watu wasiojulikana vizuri huja na ahadi za shule nzuri au kazi ya nyumbani mjini. Sheria ya Uganda ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2009 haiutambui ridhaa ya mzazi kuwa kinga kwa anayemchukua mtoto ili kumnyonya. Mtu mwema hatakasirika mkimtaka afike naye kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kuondoka na mtoto.

Burudani za nyumbani

Si lazima furaha ya likizo igharimu fedha. Mpeni kila mtoto kipande kidogo cha shamba apande karanga au kunde zake mwenyewe. Atakaporudi kutoka muhula wa pili atavuna jasho lake. Pandeni mti mmoja kwa kila mtoto na uitwe kwa jina lake. Na jioni mvua inapowaweka ndani, babu na bibi wasimulie habari za Mlima Liru ulioko Koboko na Mlima Wati ulioko Terego, milima ambayo masimulizi ya Walugbara huihusisha na mashujaa wao Jaki na Dribidu. Mtoto aliyekaa akisikiliza nyumbani hatafutwi gizani.

Mtoto asipoonekana

Msisubiri saa 24. Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa. Mwarifuni mwenyekiti wa kijiji, na wakati huo huo fikeni kituo cha polisi kilicho karibu au pigeni 999 au 112 bila malipo. Kwa unyanyasaji wa aina yoyote dhidi ya mtoto, namba ya Sauti, 116, hupokea simu bila malipo. Karibu na mpaka simu yako huenda ikanasa mtandao wa nchi jirani, na namba hizi zisiitike. Hifadhini pia namba ya kituo chenu cha polisi.

Mkono mmoja haulei mwana. Mtoto wa jirani akionekana peke yake mtoni, juu ya mwembe au njiani kuelekea mpakani, mwulizeni kwa upole: Uko na nani? Nani anajua uko hapa? Asipokuwa na jibu, mrudisheni nyumbani. Hapo mtakuwa mmefanya kazi ambayo askari, hata tungekuwa wengi kiasi gani, hatuwezi kuifanya peke yetu.