Hesabu ya kemia katika jiko la makaa

Mwanafunzi anayeanza kemia hudhani kwamba gramu 12 za kaboni zahitaji gramu 12 za oksijeni ili ziungue zote. Sivyo. Atomi huungana kwa idadi, si kwa uzito.

Ndiposa uzito hugeuzwa kwanza kuwa moli, ambayo ni jina la idadi kama dazeni, ila kubwa mno. Moli moja ya kaboni ina uzito wa gramu 12. Ya oksijeni, ambayo atomi zake huandamana mbili mbili, gramu 32.

Jiko lenye gramu 600 za kaboni lina moli 50. Ili kaboni hiyo yote iwe kaboni dayoksidi, zatakiwa moli 50 za oksijeni, yaani kilo 1.6. (Makaa halisi yana majivu na unyevu, lakini njia ya kukokotoa ni ile ile.)

Katika chumba kilichofungwa, oksijeni hupungua. Zikiyafikia makaa moli 25 pekee, kila atomi ya kaboni yaweza kupata moja tu ya oksijeni. Hapo huzuka kaboni monoksidi, gesi isiyo rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo huwaua waliolala na jiko chumbani.