Je, Wajua? Hedhi Inapoanza Kuyumba

Je, wajua kwamba yai lililokufanya wewe liliumbwa ndani ya tumbo la bibi yako mzaa mama? Mtoto wa kike huumbiwa mayai yake yote akiwa bado hajazaliwa. Mimba ikifika mwezi wa tano anayo kama milioni 6 au 7. Siku anapozaliwa yamebaki milioni 1 hadi 2, na akivunja ungo yako kama 300,000 au 400,000. Katika hayo yote, yanayopevuka na kutoka mwezi kwa mwezi katika maisha yake ni 400 hadi 500 tu. Mengine hunyauka yenyewe, awe mjamzito, awe ananyonyesha, awe anameza vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 45 anayeona siku zake zimeanza kuruka hajapatwa na jambo jipya. Akiba imekuwa ikipungua tangu kabla hajatoka tumboni mwa mama yake, na sasa imekaribia kwisha.

Mwaka 1934, Alan Treloar wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kuwaomba wanafunzi wa kike waandike tarehe za hedhi zao, na waendelee kuziandika hata baada ya kumaliza chuo, kuolewa na kuzaa. Wengi wao waliandika kwa miaka mingi mno. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1967, yakiwa na kumbukumbu za wanawake zaidi ya 2,700, ilionekana wazi kwamba mzunguko wa siku 28 kamili kila mwezi ni nadra kuliko tulivyofundishwa shuleni. Mizunguko hutulia katikati ya umri wa kuzaa na huyumba sana penye ncha mbili: miaka michache baada ya kuvunja ungo, na miaka michache kabla ya kukoma. Katika nyumba moja, binti wa miaka 13 na mama yake wa miaka 46 wanaweza kuwa wanashangaa jambo lilelile, kila mmoja kimya chumbani kwake. Natamani wangezungumza.

Kuyumba huku kuna kanuni zake. Mwaka 2001 wataalamu walikutana Park City, katika jimbo la Utah, wakapanga hatua za safari hii, kisha wakazipitia tena miaka 10 baadaye. Alama ya kwanza ni mizunguko inayofuatana kupishana kwa siku 7 au zaidi: huu siku 25, unaofuata 33, na hali hiyo ikajirudia ndani ya mizunguko 10. Hapo safari imeanza. Alama ya pili ni kukaa siku 60 au zaidi bila kuona damu. Aliyefika hapo kwa kawaida amebakiwa na mwaka 1 hadi 3. Ukomo wenyewe hutambulika kwa kutazama nyuma, baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi. Damu ikitoka mwezi wa 11, hesabu inaanza upya.

Wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Wavutaji wa sigara hutangulia wenzao kwa mwaka 1 au 2. Aliyekatikiwa na hedhi kabla ya 40 asiambiwe kwamba amezeeka mapema tu, kisha akaachwa arudi nyumbani. Anahitaji daktari, kwa sababu mifupa na moyo wake vitakosa ulinzi wa estrojeni kwa miaka mingi kuliko ilivyopaswa.

Hapa kuna jambo linalowakanganya wengi. Tumezoea kusikia kwamba homoni zinashuka, tukadhani zinashuka taratibu hadi ziishe. Sivyo zinavyokwenda. Mayai yakiwa machache, ubongo huongeza homoni inayoyaamsha, na ovari nazo huitika kwa pupa mwezi huu, mwezi ujao zikakaa kimya. Estrojeni inaweza kupanda kuliko ilivyokuwa ujanani, kisha ikaporomoka ndani ya wiki chache. Mwezi ambao yai halikutoka, projesteroni nayo hukosekana. Bila projesteroni, ukuta wa ndani wa mji wa mimba huendelea kunenepa na kunenepa, kisha hubomoka bila mpangilio. Ndiyo maana mwanamke anakaa miezi miwili akidhani yamekwisha, halafu inamjia damu nyingi yenye mabonge, katikati ya harusi ya watu au akiwa safarini kwenye basi, bila pedi wala kanga ya akiba.

Damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, saa kadhaa mfululizo, au ikipita siku 7 kila mara, hiyo imevuka mipaka ya kawaida hata kwa umri huu. Mwili hutoa taarifa mapema: moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kucha na midomo kupauka, na ile hamu ya kutafuna udongo au barafu ambayo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma. Sokoni udongo ule huuzwa kwa vipande, na wajawazito ndio wanunuzi wanaotajwa sana. Mama wa miaka 47 anayeununua kila siku naye apimwe damu. Huenda ana uvimbe kwenye kizazi, ule usio wa saratani, ambao huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, hustawi kwa estrojeni na aghalabu husinyaa baada ya hedhi kukoma.

Vipi kuhusu kipimo cha homoni? Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili za kawaida, hakisaidii. Kiwango kinachoonekana leo kuwa juu chaweza kuwa kimerudi chini wiki ijayo. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2015 uliwaambia madaktari wasikitegemee kwa wanawake wa umri huo. Daftari la tarehe lina habari nyingi zaidi, na bei yake ni ya daftari.

Kipimo cha kwanza kabisa, hata hivyo, ni cha mimba. Je, wajua kwamba wanawake waliovuka miaka 35 hubeba mapacha wasiofanana mara nyingi zaidi kuliko mabinti? Ile homoni ya ubongo inayozidi nguvu huweza kuamsha mayai mawili kwa mpigo. Uwezekano wa kushika mimba unapungua kweli, ila haujafika sifuri, na hedhi isiyotabirika humnyima mwanamke alama ya kujihesabia. Kanuni ya wataalamu wa uzazi wa mpango ni hii: aliyekoma akiwa amevuka miaka 50 aendelee kujikinga kwa mwaka 1 tangu hedhi ya mwisho, aliyekoma kabla ya hapo, miaka 2. Anayechoma sindano ya miezi mitatu ana fumbo jingine, kwani sindano yenyewe hukata hedhi, naye hawezi kujua kama ni dawa au ni umri. Huyo azungumze na muuguzi wa kliniki kabla ya kuamua kuacha.

Mwambaoni mwanamke wa Kiislamu mwenye damu isiyoeleweka huwa na swali linalotangulia la hospitali: je, naswali au siswali? Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, wamelishughulikia kwa hesabu. Hedhi haipungui usiku na mchana mmoja wala haizidi siku 15, na kati ya hedhi mbili pawe na twahara isiyopungua siku 15. Damu inayovuka mipaka hiyo ni istihadha: mwanamke anajisafisha, anajizuia damu, anatia udhu kila wakati wa swala ya faradhi uingiapo, anaswali na kufunga kama kawaida. Hata eda imewekewa njia. Sura ya At-Talaq inamhesabia miezi mitatu mtalaka ambaye hedhi imekwisha kukoma. Nalitaja hili kwa sababu anayeandika tarehe zake kwa ajili ya ibada tayari ana kila anachokihitaji daktari, ila wengi hawafikirii kuzionyesha hospitali.

Joto nalo. Mwanamke ameketi, ghafla kifua kinawaka, shingo na uso vinafuata, jasho linamtiririka, na baada ya dakika chache anatetemeka kwa baridi. Kwetu jasho la usiku huitwa malaria kwanza. Dawa humezwa, hali hairudi kuwa nzuri, dawa nyingine hununuliwa. Kipimajoto na kipimo cha damu vinatosha kutofautisha: malaria hupandisha homa na vimelea huonekana, wakati joto la ukomo wa hedhi huja na kupita bila homa. Kama jasho linaambatana na kikohozi na kukonda, basi ni kifua kikuu kinachopaswa kutafutwa.

Asili ya joto hilo iko ubongoni. Estrojeni ikipungua, sehemu inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Badiliko dogo tu huifanya ifungue mishipa ya ngozi na kutoa jasho kana kwamba mwili unaungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Naomi Rance wa Arizona, akichunguza bongo za wanawake waliofariki, aliona kwamba seli fulani za neva zilikuwa zimevimba kwa wale waliokwisha koma hedhi. Ugunduzi huo ndio ulioelekeza kwenye fezolinetanti, dawa isiyo ya homoni iliyoidhinishwa Marekani mwezi Mei 2023. Na joto hili halipiti haraka kama wengi wanavyoahidiwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN ulionyesha mwaka 2015 kwamba nusu ya wanawake wanaosumbuliwa nalo mara kwa mara hukaa nalo zaidi ya miaka 7, na kwa wanawake weusi zaidi ya miaka 10. Kumwambia mtu avumilie miaka 10 si ushauri.

Tiba ya homoni ipo, na jina lake liliharibika mwezi Julai 2002 pale jaribio kubwa la Marekani liliposimamishwa baada ya saratani ya matiti kuongezeka. Ongezeko lilikuwa kama wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na washiriki walikuwa na wastani wa miaka 63. Takwimu zilipochambuliwa tena kwa umri, ilionekana kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au asiyepitisha miaka 10 tangu akome, faida kwa kawaida huzidi madhara. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti hapewi. Na mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake.

Kwa nini lakini mwanamke akome kuzaa na aendelee kuishi miaka 30 au zaidi? Moja ya majibu yanayojadiliwa sana duniani lilitoka Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi. Katika miaka ya 1980, Kristen Hawkes na wenzake waliishi na Wahadzabe, wakipima nani anatafuta chakula kwa saa ngapi na analeta kiasi gani. Mabibi waliokwisha koma hedhi waliwashangaza. Walichuchumaa katikati ya mawe na fimbo zilizochongwa ncha, wakichimba mizizi iliyojificha chini sana, mizizi ambayo mtoto mdogo hawezi kuifikia, na walifanya kazi kwa saa nyingi kuliko wanawake vijana. Mwaka 1989 waliandika juu ya mabibi hao wachapakazi. Baadaye walionyesha kwamba mama akishajifungua mtoto mchanga, uzito wa mkubwa wake aliyeachishwa ziwa hufuata bidii ya bibi yake. Kwa maelezo haya, bibi ndiye aliyefanya ukoo uendelee, na miaka yake baada ya hedhi ndiyo iliyowapa wajukuu uhai.

Baharini kuna mfano unaoendana na huo: orka jike huacha kuzaa akikaribia miaka 40 na anaweza kufika 80, akiongoza ukoo wake kwenye samaki. Sokwe wa Ngogo, katika Hifadhi ya Kibale magharibi mwa Uganda, wameongeza mjadala. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba majike wao nao hukoma wakikaribia miaka 50, na homoni katika mikojo yao hubadilika kama zetu, ingawa sokwe jike huhama alikozaliwa na hivyo kwa kawaida hamsaidii binti yake kulea.

Limebaki jambo ambalo ningependa kila msomaji amfikishie mama, shangazi na dada yake. Damu inayotoka baada ya ile miezi 12 kutimia si hedhi iliyorudi, hata ikiwa tone moja kwenye kitambaa. Kwa karibu mwanamke 1 kati ya 10 wanaoipata, huwa ni saratani ya ukuta wa mji wa mimba, na ikiwahiwa hutibika vizuri. Zinahitajika picha ya utrasaundi na kipande kidogo cha ukuta huo kipelekwe maabara.

Na saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ina saa yake. Katika vituo vyetu vingi muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja, akatazama kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Ni kipimo cha bei nafuu na majibu hutoka palepale. Lakini hedhi ikishakoma, sehemu anayoitazama hurudi ndani ya mlango wa kizazi na siki haimwonyeshi tena vizuri; hapo kinahitajika kipimo cha kirusi cha HPV. Mwenye miaka 44 ambaye siku zake ndiyo kwanza zimeanza kuruka, na hajawahi kupimwa, aende mwezi huu.