Siku Moja Bagamoyo kwa Miguu: Mwisho wa Njia Iliyoanza Kwetu

Sisi watu wa Kalima tumezoea kuona mali ya udongo wetu ikienda mbali. Kasiterite inachimbwa hapa, inafungwa katika magunia, inapelekwa Kindu, kisha hatuioni tena. Mababu wetu waliona mambo ya namna hii juu ya pembe za tembo, na juu ya watu pia. Walijua njia inaanzia wapi. Wachache tu walijua inaishia wapi. Basi leo tunataka kutembea pamoja nanyi siku moja, kwa miguu, katika mji ule ulio mwisho wa njia: Bagamoyo, katika inchi ya Tanzania, kwenye pwani inayoelekea Unguja.

Mji wa zamani si mkubwa. Anayeanza asubuhi anaweza kuuzunguka wote mbele ya jua kuchwa. Wengi wanauita mji wa Wadachi, yaani Wajerumani, kwa sababu ulikuwa mji wao mkuu katika Afrika ya Mashariki mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Lakini yeye anayetoka Maniema atasoma ndani yake habari nyingine tena, nazo ni habari za nyumbani kwake.

Tuanze ufukoni. Hapa majahazi yalipakia pembe na kuvuka kwenda Unguja. Nyuma yetu, mbali karibu kilometa 1,200, iko Ujiji kwenye ziwa Tanganyika; na ng’ambo ya ziwa, mbele zaidi, ziko Kasongo na Nyangwe. Wapagazi walikwenda njia hiyo miezi na miezi. Mwenyeji yeyote atatueleza jina la mji: «bwaga moyo», tua moyo wako. Wengine husema ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari. Wengine husema ni furaha ya mpagazi anayetua mzigo wake. Hapa tusikimbilie neno linalotoa machozi zaidi. Wenye kuchunguza historia wameonyesha kwamba wapagazi wengi wa njia hii walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliolipwa mshahara, na kwamba watumwa waliosafirishwa baharini walipitia zaidi Kilwa, upande wa kusini. Bagamoyo ilikuwa kwanza mji wa pembe. Watumwa walifika, ndiyo, na wengi walibaki kulima mashamba ya pwani. Mwalimu wa dini hapaswi kuongeza chumvi katika dhambi ya utumwa, inatosha ilivyo.

Tupande sasa mjini. Barabara ni nyembamba, nyumba ni za mawe ya matumbawe, milango ya mbao imechongwa kwa ustadi. Wahindi, Waarabu na Waswahili walikaa hapa bega kwa bega. Mbele kidogo tunaona Boma la Wadachi, lililomalizika mwaka 1897, na kuta zake zenye meno kama ngome ya Ulaya. Forodha yao, ya mwaka 1895, iko karibu na maji. Majengo haya yanapendeza macho. Lakini tuulize: yalijengwa juu ya nini?

Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliwapinga Wadachi. Serikali ya Berlin ilimtuma Hermann Wissmann na askari, na Ulaya iliambiwa kwamba ni vita ya kumaliza utumwa. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Hapa Bagamoyo, karibu na bahari, liko jiwe la ukumbusho mahali walipoyongwa Waafrika waliokataa utawala ule. Na si mbali yako makaburi ya Wadachi waliokufa miaka ile, wengine kwa vita, wengine kwa homa. Je, utumwa ulikwisha? Hapana. Sheria ya Wadachi iliendelea kuukubali. Mwaka 1904 waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Kwetu pia, Wabeljiki walipowapiga Waarabu katika miaka 1892-1894, walisema wanaleta uhuru; na mababu wetu walipata nini baadaye? Walipata kazi ya mpira, na mijeledi.

Jua linapokuwa kichwani, tuelekee misioni, upande wa kaskazini, chini ya miembe mikubwa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwezi wa Machi 1868, wakiongozwa na Padri Antoine Horner. Ndilo shirika lile lile ambalo ishirini kati ya wamisionari wake waliuawa Kongolo tarehe 1 Januari 1962. Walinunua watoto katika soko la Unguja, wakawalea, wakawafundisha kulima na ufundi, wakawaoza, wakawajengea kijiji. Ni tendo la huruma, na tumshukuru Mungu. Lakini tuseme ukweli wote. Mtoto aliyekombolewa aliishi kwa kengele na amri, kazi ya shamba ilikuwa nzito, na wengine walitoroka. Kumlipia mtu fedha ni mwanzo wa ukombozi; kumsikiliza kama ndugu ndiyo sehemu inayobaki, na sehemu hiyo ni ngumu zaidi.

Hapa unasimama pia mnara wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872. Usiku wa tarehe 24 Februari 1874 maiti ya David Livingstone ililala hapa kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Aliyekaa Nyangwe mwaka 1871, akaona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni, ndiye huyu. Na walioleta maiti yake kwa mwendo wa karibu miezi tisa, Chuma na Susi, walikuwa pamoja naye katika inchi yetu ya Maniema, wakati wengine walipomwacha. Yeye alikuwa Mprotestanti, na Mapadri walimpokea kwa heshima. Na kutoka mji huu, mwaka 1878, msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulishika njia ya bara kwenda Tanganyika na Nyanza. Basi Injili ilipita katika vumbi lile lile la pembe na minyororo.

Jioni turudi ufukoni, kwenye msalaba unaokumbusha kufika kwa wamisionari. Hapo tukae kidogo na kujihukumu wenyewe. Kwani tunapofundisha habari hizi Kalima, Pangi au Kasongo, ni rahisi kusema: Waarabu walituuza, sisi tulionewa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tippu Tip hakuishika Maniema kwa Waarabu wachache. Waliomchukulia bunduki walikuwa wengi, na vijana wa kwetu walikuwamo. Walichoma vijiji vya jirani zao, wakawafunga wanawake na watoto. Ngongo Lutete alipigana kwa upande wao, kisha kwa upande wa Wabeljiki, ambao walimwua mwaka 1893. Wengine wa kwetu walifika mashariki kama watekwa, wengine kama askari na wapagazi. Ndiyo sababu wako hata leo watu wanaoitwa Wamanyema huko Ujiji, Tabora na Dar es Salaam. Jina la inchi yetu limebaki huko likiwa na maana zote mbili: aliyefungwa na aliyefunga.

Tena tusisahau: wakati wa vita ya 1888 na 1889, maelfu ya watu wa mji, Waislamu wengi kati yao, walikimbilia misioni, na Abushiri hakuigusa. Siku zile ua wa Mapadri ulikuwa nyumba ya wote.

Wandugu wafratri na wakatekista, hiki ndicho tunachotaka mchukue kutoka matembezi haya. Msimlaumu jirani Mwislamu wa Kindu au wa Kasongo kana kwamba yeye peke yake amerithi dhambi ile. Lugha tunayosalia Misa, Kiswahili hiki, ilikuja na msafara ule ule. Tumeipokea, nayo imebeba Neno la Mungu. Yeyote anayetaka kufundisha amri ya saba na amri ya tano hapa Maniema, na aulize wazee wa kijiji chake: nani alikwenda na hakurudi? Na nani wa ukoo wetu alishika kamba? Maswali haya mawili yaulizwe pamoja. Ukiuliza moja tu, umepata chuki, au umepata majivuno. Ukiyauliza yote mawili mbele ya msalaba, umepata njia ya kitubio, na kwenye kitubio ndipo mtu anapotua mzigo wake kweli.