Mjane wa Koplo Maupas

Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi mamia ya askari wake lenyewe kwa hukumu za mahakama za kijeshi. Miongoni mwao wamo makoplo wanne wa Souain: Maupas, Girard, Lefoulon na Lechat.

Tarehe 10 Machi 1915 kombania yao, ya Rejimenti ya 336, iliamriwa itoke handakini iwashambulie Wajerumani. Mbele yao, kwenye seng'enge, zilionekana maiti za waliotangulia. Mizinga ya Wafaransa wenyewe nayo ilikuwa ikiangusha makombora jirani na handaki lao. Askari hawakutoka. Jenerali Réveilhac akaamuru mizinga iwapige hao hao askari wake; Kanali Bérubé, mkuu wa mizinga, akataka amri hiyo kwa maandishi, na mizinga haikupigwa. Laiti na mahakama ingalikuwa na mtu kama huyo!

Wakashitakiwa watu 24, makoplo 6 na askari 18, ilhali kombania nzima ndiyo iliyobaki handakini. Kesi ilisikizwa tarehe 16 Machi. Kesho yake wale wanne wakauawa. Nidhamu jeshini ni lazima, hapana abishaye. Lakini kuwateua wachache katika wengi ili wawe funzo kwa wenzao, hiyo si hukumu, ni kafara.

Théophile Maupas alikuwa mwalimu wa shule, na mkewe, Blanche, mwalimu vilevile, katika kijiji cha Le Chefresne, Normandy. Mjane wa aliyeuawa namna hiyo hakupewa pensheni, na aibu iliwafuata hata watoto. Bibi huyu hakukubali. Aliandika barua, akahutubia mikutano, akaungwa mkono na chama cha kutetea haki za binadamu. Mahakama zilimkatalia zaidi ya mara moja. Mwaka 1923 alifanikiwa kuuhamisha mwili wa mumewe ukazikwe Sartilly, karibu na nyumbani, kabla dola haijakiri lolote.

Hatimaye iliundwa mahakama maalumu, ambamo wapiganaji wa zamani waliketi pamoja na mahakimu. Tarehe 3 Machi 1934, baada ya miaka 19, makoplo wote wanne walitangazwa kuwa hawana hatia. Fidia aliyopata Blanche Maupas ilikuwa faranga moja.