ANDIKA YALIYO MOYONI MWAKO



Umejifunza kusoma na kuandika. Sasa unaweza kusoma jina la dawa kabla ya kuimeza. Unaweza kumwandikia barua mwanao aliye mjini. Unaweza kusoma mizani siku ya kuuza mazao, na hakuna wa kukupunja. Hizo ni faida kubwa. Leo ukurasa wetu wa afya unakuonyesha faida nyingine ambayo wengi hawaifahamu. Kuandika kunaweza kuutuliza moyo wenye mawazo.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyeandika hajui anadai nani wala anadaiwa nini. Anaona tu kwamba fedha zimekwisha. Mtu mwenye mawazo mengi yuko vivyo hivyo. Hajui ni jambo gani hasa linalomsumbua. Anaona tu kwamba amechoka.

AFYA SI MWILI PEKE YAKE

Katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika mwaka 1948. Katiba hiyo inasema kwamba afya si kukosa ugonjwa tu. Afya ni kuwa mzima wa mwili, wa akili, na katika maisha yako pamoja na wenzako.

Sisi waganga wa zahanati tunaona ukweli wa jambo hili mara nyingi. Mtu huja akasema kichwa kinamwuma, moyo unakwenda mbio, na usiku hapati usingizi. Tunampima malaria, hana. Tunampima shinikizo la damu, ni sawa. Lakini tukimwuliza taratibu, husema: "Nimefiwa." Au, "Nina deni." Au, "Mwanangu aliondoka, na hadi leo sijapata habari zake."

Mtu huyo hasemi uongo. Maumivu yake ni ya kweli. Mtu akiwa na hofu, mwili wake hujiandaa kana kwamba ameona chui. Moyo hupiga haraka. Misuli ya shingo na mabega hukaza. Tumbo huvurugika. Chui akiondoka, mwili hutulia. Lakini deni haliondoki kama chui, nalo hulala nawe kitandani. Kwa hiyo mwili haupati nafasi ya kutulia. Kidonge cha kichwa hupunguza maumivu kwa saa chache, kisha mawazo hurudi.

WATAALAMU WALIONA NINI?

Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Waliwachukua wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Kila mwanafunzi aliandika kwa dakika 15 kwa siku, kwa muda wa siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu. Wengine waliandika jambo zito lililowahi kuwaumiza.

Miezi iliyofuata, walioandika jambo zito pamoja na jinsi mioyo yao ilivyoumia walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wenzao. Walioandika tukio tupu, bila kusema moyo ulionaje, hawakupata faida hiyo. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia.

Mwaka 2018 wataalamu wengine wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la watu 57 wakati wa kulala. Nusu yao waliandika kwa dakika tano kazi walizopaswa kufanya siku zijazo. Nusu waliandika kazi walizokwisha kuzifanya. Wale walioandika kazi zijazo walipata usingizi mapema kuliko wenzao, kwa kiasi cha dakika tisa.

Majaribio mengine mengi yamefuata. Yanaonyesha kwamba faida hii si kubwa kwa kila mtu. Wengine huona nafuu, wengine hawaoni badiliko. Lakini daftari halina gharama kubwa, na kujaribu si vigumu.

JINSI YA KUFANYA

Tafuta daftari la mazoezi kama wanalotumia watoto wa shule, na kalamu. Chagua saa moja ambayo nyumba imetulia. Huenda ni usiku baada ya chakula, au mchana chini ya mti huko shambani. Kisha fuata hatua hizi:

1. Andika tarehe.
2. Andika jambo lililotokea.
3. Andika moyo wako ulilionaje jambo hilo. Ulikasirika? Uliogopa? Ulifurahi? Uliona haya?
4. Andika jambo moja dogo unaloweza kulifanya kesho.

Usiogope makosa. Hapa hakuna mwalimu wa kusahihisha. Ukikosa neno la Kiswahili, andika kwa lugha ya kwenu. Ukichoka kuandika, chora. Mistari mitatu inatosha.

MFANO

Tuseme kuna mama aliyefiwa na mumewe. Matanga yamekwisha, na ndugu wamerudi makwao. Sasa yuko peke yake na watoto, na usiku halali. Huenda akaandika hivi:

"Leo nimepalilia peke yangu. Jembe lake bado liko mlangoni. Nimeliondoa, kisha nimelirudisha. Nimemkasirikia kwa kuniachia deni la mbolea. Tena nimeona haya kumkasirikia marehemu. Sijui deni ni kiasi gani. Kesho nitakwenda kwa katibu wa ushirika kuuliza."

Tazama mama huyu amefanya nini. Kwanza, ametaja hasira yake. Matangani asingeweza kuitaja, maana watu wangemshangaa. Lakini kumkasirikia marehemu si ukatili wala si wazimu. Waliofiwa wengi hupatwa na hali hiyo. Pili, amegundua kwamba sehemu moja ya mzigo wake ni msiba, na sehemu nyingine ni deni. Msiba hauondoki kwa kwenda kwa katibu wa ushirika. Lakini deni lina hesabu, na hesabu inaweza kuulizwa. Kesho yake atakuwa na jambo moja la kuogopa badala ya mawili.

Ndiyo maana tulisema usiandike tukio tupu. Angaliandika tu "Leo nimepalilia," asingaliyaona hayo.

DAFTARI SI LA MACHOZI TU

Wazee wangu, daftari hili si la huzuni peke yake. Andika pia mambo mema. Mtoto ameanza kutembea. Mbuzi amezaa mapacha. Jirani amekuletea maziwa bila kuombwa. Mtu mwenye mawazo husahau upesi mambo ya namna hiyo. Ukiyaandika, utayakuta siku utakapoyahitaji.

Andika mvua ya kwanza ilinyesha lini na ulipanda lini. Mwakani utafungua ukurasa huo na kujifunza kwa kazi yako mwenyewe.

Andika pia hadithi alizokusimulia bibi yako, vitendawili, na nyimbo za kupalilia. Tunga na zako. Shaaban Robert (1909–1962), mshairi wetu mkubwa kutoka Tanga, alipofiwa na mkewe Amina alitunga shairi la kumlilia. Shairi hilo linasomwa mpaka leo. Si lazima shairi lako lisomwe na watu. Ukilisoma peke yako, na moyo ukapata pa kupumulia, limefanya kazi yake.

NANI ATALISOMA?

Hili ni swali la maana, hasa kwa akina mama. Nyumba zetu ni ndogo, na sanduku hufunguliwa na watu wengi. Daftari ni mali ya aliyeandika. Mume asisome daftari la mkewe bila ruhusa, wala mke la mumewe, wala mzazi la kijana wake. Anayesoma siri ya mwenzake humfunga mdomo.

Lakini usitegemee heshima peke yake. Lifunge daftari ndani ya mfuko wa plastiki, mchwa na mvua visiliharibu, kisha uliweke mahali unapopajua wewe. Ukiandika jambo ambalo halipaswi kuonwa, chana ukurasa huo uuchome jikoni. Moyo umekwisha kusema.

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayekupiga au kukutisha, usiandike mambo ambayo akiyaona atakudhuru. Jambo hilo lisikae kwenye daftari. Mwambie mtu unayemwamini, au uje zahanati, au uende polisi kwenye dawati la jinsia na watoto.

TAHADHARI

Kwanza, maumivu ya kichwa au homa usiseme ni mawazo kabla ya kupimwa. Huenda ni malaria au shinikizo la damu. Pima kwanza. Na kama una dawa uliyopewa, endelea kuimeza. Daftari halichukui nafasi ya dawa.

Pili, baada ya kuandika jambo zito waweza kuona huzuni imezidi kwa muda. Hali hiyo ni ya kawaida, hata wale wanafunzi wa Marekani iliwapata. Kwa wengi hupita. Lakini ukiona siku zinapita na kila ukiandika unazidi kuumia, acha. Andika jambo jepesi, au zungumza na mtu. Msiba mpya sana pia usiulazimishe. Ngoja mpaka uweze.

Tatu, kuna hali zisizongoja. Kama umekaa wiki mbili au zaidi bila kutamani chakula wala kazi wala watu, njoo zahanati. Mama aliyejifungua ambaye analia kila siku na hamtaki mtoto, aletwe zahanati upesi. Na mtu yeyote anayewaza kujiua, asikae peke yake hata saa moja. Mleteni siku hiyo hiyo, awe ni usiku au mchana. Msimcheke, wala msimwite mwoga. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na una matibabu.

Wahenga walisema pia: Mficha maradhi kifo humwumbua. Daftari si mahali pa kuficha maradhi. Ni mahali pa kuyatambua, ili ujue lipi utalibeba mwenyewe, lipi utamwambia jirani, na lipi utalileta kwa mganga.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini mtu mwenye deni huweza kuumwa kichwa?
2. Yule mama wa mfano wetu aligundua mambo gani mawili?
3. Ni wakati gani daftari halitoshi, na ni lazima kwenda zahanati?
4. Kijijini kwenu, mtu mwenye mawazo humwendea nani?

ZOEZI: Usiku wa leo andika mistari mitatu. Usimwonyeshe mtu, hata mwalimu.