Kigarimoshi Kidogo, Moto Ule Ule

Msomaji uliyelelewa Lamu au Mombasa, bila shaka unaijua tofauti ya vidau viwili. Kuna kile kinachouzwa dukani, kimewekwa ndani ya kioo. Kina mlingoti, kina tanga jeupe, kina na kamba nyembamba kama uzi, na ukikitia majini kinalala ubavu papo hapo. Kisha kuna kile cha watoto wa ufukweni. Kimechongwa kwa kipande cha mti, tanga lake ni mfuko wa plastiki, na sura hakina. Lakini upepo ukivuma kinakata maji mpaka mwenyewe anakimbia pwani kukifuata. Kile cha kwanza ni sanamu ya jahazi. Hiki cha pili ni jahazi hasa, ila dogo.

Nimeanza na vidau kwa sababu habari ya leo ni ya watu wa Uingereza ambao hutumia jioni za maisha yao kuunda garimoshi dogo lisilomfikia mtu magotini, na ambao hawatakubali hata siku moja uliite sanamu. Garimoshi hilo hula makaa ya mawe, hunywa maji, hutoa moshi na kupiga honi. Mwenyewe hukaa nyuma yake juu ya kigari kama aliyepanda punda, watoto wake wakampakata kiunoni, na likawavuta wote.

Kazi hii ni ya burudani wala si ya riziki. Wanaoifanya ni makarani, walimu, madereva, madaktari, na wazee waliokwisha kustaafu. Kila mmoja ana kibanda nyuma ya nyumba, na ndani ya kibanda ana jiliwa, matupa, na mashine ya kukereza chuma. Mashine iliyopendwa kupita zote kwa miaka mingi ni ile ya Myford iliyokuwa ikitengenezwa karibu na mji wa Nottingham. Wana hata gazeti lao, The Model Engineer, lililoanzishwa na Percival Marshall mwaka 1898. Yaani mambo haya yalikwisha kuwa na wasomaji wake kabla reli yetu iliyoanza Mombasa mwaka 1896 haijafika Kisumu, ilikofika mwaka 1901.

Sasa mtu atauliza, ugumu uko wapi? Chukua garimoshi kubwa, gawanya vipimo vyote kwa kumi na sita, ukerezee vyuma, basi. Na tuijaribu hesabu hiyo kwa garimoshi letu wenyewe. Wazee wa Mombasa wanayakumbuka yale Garratt ya aina ya 59, yaliyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956. Yalikuwa 34, yote yamepewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na yakivuta mizigo kutoka Mombasa mpaka Nairobi hadi yalipoondolewa kazini kufikia mwaka 1980. Mawili, Mount Gelai na Mount Shengena, yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi. Kila moja lilikuwa na urefu wa futi 104 na uzito wa tani 252.

Ukigawa urefu kwa kumi na sita unapata futi sita na nusu, kitu cha kulaza juu ya kitanda. Uzito haufuati hesabu hiyo, kwa sababu umepunguza urefu, upana na kimo kwa pamoja, na kumi na sita mara kumi na sita mara kumi na sita ni 4,096. Tani 252 zinageuka kilo sitini na kitu. Na reli ya mita moja inageuka njia ya upana wa inchi 2½, ambao ni mmoja wa vipimo vya kale vya mafundi hawa. Mpaka hapo hesabu imekubali vizuri mno.

Inapokataa ni kwenye moto. Chuma unaweza kukipunguza upendavyo, lakini maji huchemka kwa joto lile lile, yawe ya pipa au ya kikombe, na kaa la mawe halijui kwamba limetiwa katika tanuri dogo. Katika boila dogo, kila tone la maji lina ngozi ya shaba mara kumi na sita zaidi ya lile la boila kubwa, na kwa hiyo joto hupotea upesi, kama kahawa iliyomiminwa katika kikombe kidogo inavyopoa kabla ya ile iliyobaki ndani ya dele. Mirija inayopitisha moshi wa moto ndani ya maji, ambayo katika garimoshi kubwa hupata mamia, ukiipunguza kwa hesabu inakuwa membamba kama mrija wa soda na kuzibwa na majivu kwa dakika chache. Hata kile kioo cha kuonyeshea kimo cha maji hudanganya, maana maji hung'ang'ania pande za kioo chembamba yakaonekana yamejaa na kumbe yamekwisha. Na maji yakiisha juu ya tanuri, hiyo si burudani tena.

Kwa sababu hizi, mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakubwa wengi wa fani hii walishikilia kwamba garimoshi la inchi 2½ haliwezi kuendeshwa kwa makaa. Wao walitumia taa za spiriti chini ya boila, na vigarimoshi vyao vilizunguka vikivuta mabehewa mepesi ya kuchezea. Akatokea mtu mmoja akiandika kwa jina la LBSC. Hizo ni herufi za kampuni ya reli ya kusini mwa London alikofanya kazi ujanani, na marafiki wakimwita Curly Lawrence. Alizaliwa mwaka 1883, akafa mwaka 1967. Yeye alisema makaa yatawaka, na garimoshi la kipimo hicho litamvuta mtu mzima. Wakubwa wakacheka, barua za ukali zikajaa gazetini, na ugomvi ule ukaitwa Vita vya Maboila.

LBSC hakushinda kwa kalamu. Alileta garimoshi lake mwenyewe, na jina alilolipa ni Ayesha, jina ambalo hapa kwetu hakuna mtaa usiokuwa na mwenye nalo. Ayesha aliwashwa makaa, akatia mvuke, akamvuta mtu mzima akaenda naye, na mjadala ukafa. Siri yake haikuwa kubwa. LBSC hakuyaiga maboila makubwa kwa hesabu. Alitoboa mirija michache yenye nafasi ya kutosha, akaliacha tanuri liwe na kina, akautunza mvuke usipoe njiani. Aliwahi kuwa mtu wa moto katika garimoshi kubwa, akajua moto unataka nini.

Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka thelathini, aliwaandikia watu wa kawaida juma baada ya juma jinsi ya kuunda garimoshi hatua kwa hatua. Michoro pamoja na maelezo yake aliviita maneno na muziki, kana kwamba anatunga taarabu. Hakuwaandikia wahandisi. Alimwandikia karani ambaye hajawahi kushika tupa, na kigarimoshi chake kiitwacho Tich, chenye magurudumu manne tu, mpaka leo ndicho wanachoanzia wanafunzi wengi. Mimi kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko Ayesha. Kushinda ubishi ni jambo la siku moja. Kumfundisha mtu asiyekujua, aliye mbali, kwa kalamu tu, akaishia kuwa na garimoshi linalokwenda, hilo si jepesi.

Na tuingie kibandani tuone boila linavyoundwa, maana hapo ndipo penye hatari na ndipo penye raha. Boila ni la shaba nyekundu. Shaba ya manjano haitakiwi, kwa sababu ina zinki ndani yake, na maji ya moto huila ile zinki kidogo kidogo mpaka chuma kikabaki kama biskuti. Bamba la shaba nyekundu hugongwa kwa nyundo juu ya kalibu ili ukingo ujikunje. Lakini shaba ina tabia zake. Ukiigonga inakuwa ngumu, na ukizidi kuigonga inapasuka. Basi fundi huipasha moto mpaka ikawa nyekundu, huitumbukiza majini, nayo hulainika. Mhunzi aliyezoea chuma cha kisu atashangaa hapo, maana chuma chake akikifanyia hivyo huwa kigumu. Kugonga, kupasha, kutumbukiza, huenda ikarudiwa mara tano sita kwa bamba moja.

Kisha huja kulehemu. Lehemu ya kawaida ya bati haifai hata kidogo. Mvuke wa pauni 80 kwa kila inchi mraba una joto la nyuzi 160 na zaidi kidogo, na lehemu ya bati huyeyuka si mbali sana na hapo. Lazima itumike lehemu yenye madini ya fedha, ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 600. Boila zima lipashwe mpaka liwake wekundu, mirija yote iwe mahali pake, na lehemu ipite kila kiungo kama asali. Hapo fundi hana nafasi ya kusitasita. Akilipasha kwa woga lehemu haipiti, na akizidisha, shaba yenyewe inaharibika na kazi ya miezi inakwenda na maji.

Wala haruhusiwi kujisifu mwenyewe. Boila hupelekwa kwa mkaguzi wa chama cha mafundi hao, hujazwa maji baridi bila hewa, na kusukumwa kwa pampu ya mkono mpaka lifikie mara mbili ya nguvu litakayotumia. Kama litafanya kazi kwa pauni 80, litajaribiwa kwa 160. Maji hutumika kwa sababu hayabanwi kama hewa au mvuke. Kiungo kikiachia, maji hutiririka tu na hakuna anayeumia. Fundi husimama pembeni akiitazama mishale ya saa ile ya kupimia, na aliyewahi kusimama hapo hana haja ya kuelezwa maana ya dakika ishirini.

Silinda, pistoni na vali ni kazi ya mashine ya kukereza, nazo sitazirefusha. Lakini kuna jambo moja siwezi kulipita. Mvuke ukishaisukuma pistoni haumwagwi ovyo. Hutolewa kwa mdomo mwembamba chini ya dohani, na unapofyatuka kwenda juu huivuta hewa kupitia mirija na tanuri, na moto ukavuviwa. Garimoshi likivuta mzigo mzito, mvuke hutoka kwa nguvu zaidi, moto huwaka zaidi, na mvuke mwingine hupatikana. Ile sauti tuliyokuwa tukiiiga utotoni, tukiwa tumeshikana mashati mstari mmoja, ndiyo pumzi hiyo. Garimoshi la silinda mbili hupumua mara nne kila gurudumu linapozunguka mara moja, liwe la tani mia au la kilo ishirini.

Kazi hii yote huchukua muda gani? Mwenye haraka atasema miaka mitatu. Wengi huchukua kumi, na wengi zaidi hawamalizi. Matangazo ya mafundi hawa yamejaa magarimoshi nusu. Fremu imekamilika, magurudumu yamekerezwa, boila halijaanzwa, na anayeuza ni mjane au mtoto wa marehemu asiyejua kile kisanduku kina nini. Mara nyingi mwingine hukinunua na kuendelea pale mwenzake alipoishia, akayakuta maandishi ya penseli juu ya chuma, ya mtu ambaye hakumjua.

Aliyebahatika kumaliza hulipeleka siku ya mapumziko kwenye njia ya chama, ambayo aghalabu huzunguka bustani juu ya nguzo fupi. Kwanza hulijaza maji. Hutia makaa ya kuni yaliyoloweshwa mafuta ya taa, huweka kipepeo cha umeme juu ya dohani kuvuta hewa, na huwasha kiberiti. (Sisi Kenya umeme wenyewe tunauita stima, neno lililotokana na mvuke, na hapa stima inasaidia kumzaa mama yake.) Moto ukishika huongeza makaa ya mawe kwa kijiko kidogo. Mshale wa saa hukaa kimya muda mrefu, kisha hutikisika. Mvuke ukifika pauni chache, kipepeo huondolewa na garimoshi hujipulizia lenyewe.

Akiwa safarini fundi hana mapumziko. Jicho moja liko kwenye kioo cha maji, jingine kwenye moto, mkono kwenye vali. Maji yakipungua huyaongeza kwa injekta, chombo alichokibuni Mfaransa Henri Giffard mwaka 1858, ambacho huchukua mvuke wa boila na kwa nguvu ya mvuke huo huo huyaingiza maji ndani ya boila lile lile. Nimeelezwa mara nyingi jinsi inavyofanya kazi na bado nikiifikiri naona kama kiinimacho.

Jioni makaa yaliyobaki hukokolewa, maji hufunguliwa yatoke, mirija husuguliwa kwa brashi, na vyuma hupakwa mafuta vingali na joto. Watoto hulilia mzunguko mmoja zaidi na huambiwa moto umekwisha. Mwenyewe hulifunika kwa kitambaa, hulipakia garini, na kabla ya kulala hurudi kibandani na taa kuangalia ile nati ya pampu iliyokuwa ikivuja tangu saa tisa.