Anga Hufungwa Pale Vipimo Vinapokosekana

Katikati ya Aprili 2010 hapakuwa na chembe ya majivu juu ya Naivasha, lakini waridi za Naivasha zilikuwa zinatupwa. Mashada yaliyokwisha kukatwa, kufungwa na kufikishwa kwenye vyumba vya baridi vya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta yalikaa humo mpaka yakaharibika, kwa sababu viwanja vya Ulaya yalikokuwa yakienda vilikuwa vimefungwa. Mishiri nayo ikaoza. Vibarua wa mashambani wakaambiwa wabaki nyumbani mpaka ndege zirudi. Chanzo kilikuwa mlima mmoja wa Iceland, Eyjafjallajökull, uliolipuka chini ya barafu tarehe 14 Aprili na kurusha majivu ambayo upepo uliyapeleka Uingereza, Ujerumani na kwingineko. Kwa muda wa siku sita hivi, safari zipatazo 100,000 zilifutwa na abiria wapatao milioni 10 wakakwama. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilikadiria kuwa mashirika yalipoteza dola bilioni 1.7 za Marekani.

Tangu hapo mabishano hayajaisha. Wako wanaosema mamlaka za anga zilitishika bure na kuwatia watu hasara. Wako wanaosema uhai hauna bei, basi mjadala uishie hapo. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeliruka jambo lenyewe. Agizo la kufunga anga siku ya kwanza lilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa limefanyika miaka mingi kabla ya mlipuko: hakuna kiwango kilichokuwa kimekubaliwa cha majivu ambayo injini inaweza kuyahimili, na vyombo vya kulipima wingu lenyewe vilikuwa vichache. Kwa hiyo muda wa kufungwa kwa anga uliamuliwa na muda ambao wataalamu walihitaji kujua walichopaswa kukijua mapema. Sisi tunaoishi juu ya Bonde la Ufa tuna sababu ya kulitazama hilo kwa makini kuliko wengi.

Kwanza tuelewe ni kitu gani kinachoogopwa. Majivu ya volkano hayafanani na majivu ya jikoni, ambayo ni masalia laini ya kuni. Ni mawe na vioo vilivyopasuliwa na gesi ndani ya mlima, na ukiyaweka chini ya hadubini unaona vipande vyenye makali, kama chupa iliyotwangwa kwenye kinu ikawa unga. Chembe kubwa huanguka karibu na mlima. Zile ndogo sana huelea kwa siku kadhaa, na hizo ndizo zinazosafiri maelfu ya kilomita katika kimo kile kile cha safari za ndege kubwa. Rada ya hali ya hewa iliyo kwenye pua ya ndege imetengenezwa kuona matone ya maji, haizioni chembe hizo. Usiku hata jicho la rubani haliwezi kutofautisha wingu la majivu na wingu la kawaida.

Injini ya jeti hufyonza hewa nyingi mno, na ndani ya chumba chake cha kuchomea mafuta joto hupita nyuzi 1,400 za Selsiasi. Majivu mengi huyeyuka kabla ya kufika hapo, kwenye nyuzi 1,100 hivi. Basi yanapoingia huwa uji wa kioo, uji huo husukumwa nyuma hadi kwenye sehemu isiyo na joto kali kama lile, na huko hugandia kwenye mapanga ya chuma yanayozungushwa na hewa moto. Njia ya hewa hubanwa, injini hukohoa, kisha huzimika. Hivyo ndivyo ilivyotokea tarehe 24 Juni 1982 kusini mwa kisiwa cha Java, pale Boeing 747 ya British Airways yenye watu 263 ilipoingia gizani katika majivu ya mlima Galunggung. Injini zote nne zilizimika. Rubani Eric Moody na wenzake waliteremka bila nguvu yoyote kutoka futi 37,000 hadi karibu na futi 13,000 ndipo injini zikawaka tena, kwa sababu kioo kilichoganda kilikuwa kimepoa, kikapasuka na kupukutika. Walipofika Jakarta, kioo cha mbele kilikuwa kimekwaruzwa mpaka hakipitishi taswira, wakatua wakichungulia kwenye ukanda mwembamba uliosalia pembeni. Desemba 1989 yale yale yaliipata ndege ya KLM yenye watu 245 karibu na Anchorage, kilomita zaidi ya 200 kutoka mlima Redoubt. Ilikuwa ndege mpya, na uharibifu wake ulizidi dola milioni 80.

Hapa wapinzani wana hoja ambayo haipaswi kudharauliwa. Wanasema: ndege zote hizo zilitua, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege ya abiria iliyoua watu kwa sababu ya majivu. Ni kweli. Lakini visa viwili vya ndege kupoteza injini zote na kuziwasha tena dakika za mwisho haviwezi kuwa ushahidi wa usalama. Vinaonyesha jinsi nafasi iliyobaki ilivyokuwa finyu. Kuna kisa cha tatu ambacho kwangu ni kizito zaidi kwa sababu hakikuwa na hofu yoyote ndani yake. Februari 2000, ndege ya utafiti ya NASA aina ya DC-8 ilikuwa ikienda Kiruna, Sweden, ikapita kwa dakika chache katika ukingo wa wingu la mlima Hekla. Marubani hawakuona kitu, hawakunusa kitu, mishale ya vipimo vyao haikusogea. Vyombo vya kisayansi vilivyokuwa ndani ya ndege ndivyo vilivyonasa dalili. Injini zilipokuja kukaguliwa kwa ndani, vitundu vidogo vya kupozea mapanga vilikutwa vimeziba, zikang'olewa zote nne na matengenezo yakagharimu zaidi ya dola milioni 3. Bila vyombo vile ndege hiyo ingeendelea kubeba watu huku chuma chake kikiungua taratibu.

Kwa sababu hiyo siridhishwi sana na safari za majaribio zilizofanywa Aprili 2010, pale mashirika kadhaa yalipopandisha ndege zake, yakazirudisha na kutangaza kwamba hazikuwa na kasoro. Wingu la majivu huwa na mapengo, na ndege inaweza kupita pengoni asubuhi ikarudi safi, na nyingine ikafuata njia ile ile jioni ikaumia. Siku hizo hizo jeshi la anga la Finland lilizifungua injini za ndege zake za kivita aina ya F-18 zilizokuwa zimeruka tarehe 15 Aprili, likakuta kioo kilichoyeyuka ndani. Mwaka uliofuata, watafiti wa Iceland na Denmark wakiongozwa na Sigurdur Gislason walichapisha uchunguzi wa majivu yenyewe: yalikuwa makali na magumu kuliko kawaida, yenye uwezo wa kukwaruza vioo na kuyeyuka ndani ya injini. Walihitimisha kuwa tahadhari iliyochukuliwa ilikuwa na msingi.

Kama tahadhari ilikuwa na msingi, kwa nini basi anga ilifunguliwa mlima ukiwa bado unatema? Hili ndilo swali ninalotaka msomaji akae nalo. Kanuni ya zamani ilimtaka rubani aepuke majivu yoyote, hata yawe haba kiasi gani. Kanuni hiyo inafaa juu ya bahari pana ambako ndege inaweza kuzunguka, lakini juu ya Ulaya ilimaanisha bara zima lifungwe. Ndani ya siku chache watengenezaji wa injini na mamlaka za usafiri wa anga walikaa pamoja wakatoa namba ambayo haikuwapo: miligramu 2 za majivu katika mita moja ya ujazo ya hewa. Chini ya hapo ndege iliruhusiwa kuruka kwa masharti ya ukaguzi wa ziada. Siku namba hiyo ilipotolewa mlima ulikuwa ule ule na upepo ulikuwa bado unavuma. Mei 2011 mlima mwingine wa Iceland, Grímsvötn, ulilipuka kwa nguvu kubwa zaidi, na safari zilizofutwa zilikuwa kama 900. Sitadai kwamba namba peke yake ilifanya kazi hiyo. Majivu ya Grímsvötn yalikuwa mazito zaidi, yakaanguka mapema. Lakini mara hii mamlaka za anga zilikuwa na mipaka ya kufuata, na kulikuwa hata na rada ya kuhamishika iliyoazimwa Italia ili kupima kimo cha moshi.

Kimo hicho kina uzito mkubwa kuliko kinavyoonekana. Wataalamu wanaokisia wingu litafika wapi na likiwa zito kiasi gani huanza na swali moja: mlima unatoa majivu kiasi gani kwa sekunde? Hakuna anayeweza kwenda kuyapima mdomoni mwa mlima, kwa hiyo hukisia kutokana na urefu wa nguzo ya moshi, na kiasi cha majivu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha urefu huo. Maana yake, ukikosea urefu kwa asilimia 20 tu, makisio yako ya majivu yanakuwa maradufu. Ramani nzima inayofunga viwanja kumi au hamsini inategemea mtu au chombo kilichosimama mahali panapouona mlima vizuri.

Tuje kwetu. Tarehe 23 Novemba 2025 mlima Hayli Gubbi, katika jangwa la Afar nchini Ethiopia, ulilipuka bila kuwa na mlipuko unaojulikana kwa miaka ipatayo 12,000. Moshi ulipanda kilomita zipatazo 14, ukavuka Bahari ya Shamu, ukapita juu ya Yemen na Oman na kuingia anga ya Pakistan na India. Air India ilifuta safari kadhaa na kuzikagua ndege zilizokuwa zimepita maeneo hayo. Vijiji vya wafugaji karibu na Afdera vilifunikwa vumbi, malisho yakiwamo. Jirani yake, Erta Ale, ulikuwa umelipuka Julai ya mwaka huo huo, hivyo dalili kwamba ardhi ya pale imeamka hazikukosekana. Hata hivyo Hayli Gubbi haukuwa na vyombo vya kuufuatilia kwa karibu, na dunia ikausoma mlipuko wenyewe zaidi kupitia setilaiti.

Wapo watakaouliza: kama setilaiti zimetosha, tutumie fedha chini kwa nini? Afar ni jangwa na siku ile anga yake ilionekana kutoka juu. Lakini milima ya volkano ya Virunga, mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda, hufunikwa na mawingu ya mvua kwa sehemu kubwa ya mwaka. Isitoshe, gesi ya salfa inayoonekana kwa urahisi kutoka angani mara nyingine hutengana na majivu na kwenda njia yake, kwa hiyo anayefuata gesi anaweza kufunga anga iliyo safi na kuacha wazi iliyo chafu. Kituo kinachotoa tahadhari za majivu kwa Afrika kiko Toulouse, Ufaransa, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Ziwa Natron. Wataalamu wake wanajua kazi yao, lakini hawana dirisha linalotazama Ol Doinyo Lengai, mlima uliorusha nguzo za majivu mwaka 2007 na 2008, si mbali na njia za ndege za Arusha, Kilimanjaro na Serengeti.

Hoja nzito kuliko zote ni ya umaskini: nchi zenye zahanati zisizo na dawa zigharimie usalama wa abiria wa ndege? Ningekubaliana nayo kama chombo cha kupima tetemeko kingemhudumia abiria peke yake. Majivu hayo hayo yanayoharibu injini huwasha macho, huwabana wenye pumu, na chembe zake ndogo hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2005 mlima Karthala ulipowamwagia majivu wakazi wa Ngazija, Komoro, shida kubwa ilikuwa maji: birika za maji ya mvua, ambazo familia nyingi huzitegemea, zilichafuliwa. Anayejua saa chache mapema huweza kufunika birika yake, kuingiza mifugo zizini na kumtafutia mtoto barakoa. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2021, mlima Nyiragongo, mmoja wa milima ya Virunga, ulilipuka na kuua zaidi ya watu 30 baada ya kituo cha uchunguzi wa volkano cha mji huo kukaa miezi kadhaa kikiwa na upungufu wa fedha hata za intaneti ya kupokelea taarifa za vipimo vyake. Pengine mlima ule ungewashtukiza hata kama vyombo vyote vingekuwa kazini, maana dalili zake zilikuwa hafifu. Kwa ndege, hata hivyo, kinachohitajika zaidi ya utabiri ni taarifa ya dakika za mwanzo: umeanza lini, moshi umefika kimo gani, umekoma lini.

Na kazi hiyo inawezekana hapa. Tangu 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wenzao wa Marekani wameweka vipimo vya GPS kuuzunguka Ol Doinyo Lengai, vinavyonasa ardhi ikivimba au kushuka kwa milimita. Kinachokosekana ni fedha za kudumu, zisizokatika mradi wa utafiti unapoisha. Kila ndege ya kigeni inayopita juu ya Kenya au Tanzania hulipa ada ya kutumia anga. Sehemu ndogo ya ada hiyo itengwe kisheria kwa betri, intaneti na mishahara ya zamu za usiku katika vituo vya volkano, kuanzia Natron nchini Tanzania na milima ya Menengai na Longonot nchini Kenya, na Goma isaidiwe kwa makubaliano ya nchi jirani. Wanaoilipa ada hiyo ndio watakaokuwa wa kwanza kuuliza, siku mlima utakapoanza kutema, kama wanaweza kupita.